Nukta, Ritifaa na "Usemi wa Kawaida": Uhakiki wa Istilahi za Kutafuta na Kubadili Maneno kwa Kompyuta

Miongoni mwa kazi ambazo kompyuta imewapunguzia makarani, wafasiri na wahariri wetu, ni chache zilizo kubwa kuliko ile ya kutafuta neno katika maandishi marefu na kuweka jingine mahali pake. Kazi iliyomtaka mhariri wa zamani akae siku tatu na kalamu nyekundu sasa yafanywa kwa kubofya kitufe kimoja. Lakini kitufe hicho hakisomi. Hulinganisha alama na alama, na kosa la alama moja hulieneza katika kurasa mia nne kwa kasi ile ile ambayo kingesahihishia. Ndiyo sababu twaona inafaa kuyatazama kwa makini maneno ya Kiswahili yanayotumika kufundisha kazi hii, maana tumeona hasara inayotokana moja kwa moja na istilahi mbovu.

Kwa faida ya wasomaji wasioizoea, tueleze kwanza kitu chenyewe. Programu nyingi za kuandikia zina namna mbili za kutafuta. Ya kwanza ni kutafuta neno kama lilivyoandikwa. Ya pili ni kuieleza kompyuta umbo la maneno tunayoyataka. Mtu akiandika "(m|wa)toto", hatafuti mabano wala mstari ule wa wima. Anasema: nitafutie "mtoto" au "watoto". Mabano yamekusanya, na mstari wima umesema "au". Nukta husimama badala ya alama yoyote moja. Kinyota husema kwamba kilichokitangulia chaweza kurudiwa mara yoyote, au kisiwepo kabisa. Kwa lugha yenye ngeli na viambishi kama yetu, chombo hiki ni neema. Mwenye kukijua aweza kuvipata vitenzi vyote vya wakati uliopo katika kitabu kizima kwa mstari mmoja wa maandishi.

Jambo la kwanza litakalomkwaza mwalimu ni jina. Katika tafsiri zinazozunguka maofisini na vyuoni, kielezo cha namna hii huitwa "usemi wa kawaida". Ni dhahiri kwamba mfasiri aliyachukua maneno mawili ya Kiingereza, akafungua kamusi, akayapa kila moja mwenzake. Lakini "usemi" katika sarufi tunayofundisha shuleni una kazi yake tayari: tunao usemi halisi na usemi wa taarifa. Mwanafunzi akiambiwa atafute kwa "usemi wa kawaida" atadhani anatakiwa aseme kama watu wasemavyo, bila madoido. Kisha aonyeshwe kitu kama "^\s*(m|wa)toto\b.*$" na kuambiwa kwamba huo ndio usemi wa kawaida! Tangu hapo hataamini tena istilahi yoyote atakayopewa na mwalimu yule.

Asili ya jina la Kiingereza yafaa ijulikane. Mwanahisabati Stephen Kleene wa Marekani, katika makala aliyoiandika mwaka 1951 na kuchapishwa mwaka 1956, alieleza jamii ya mifuatano inayoweza kutambuliwa na mashine sahili, akaipa sifa ambayo katika hisabati yamaanisha "yenye kufuata kanuni". Mwaka 1968 Ken Thompson alionyesha namna ya kuitumia hesabu hiyo kutafuta maneno katika maandishi, na kutoka hapo ikaingia katika programu za kuandikia. Kwa hiyo sifa ile yatoka katika neno la Kilatini regula, yaani kanuni, wala si katika ukawaida wa kila siku.

Yuko atakayelitetea neno "kawaida" kwa kutukumbusha kwamba asili yake ni Kiarabu, na kwamba huko maana yake ni kanuni au msingi. Hata sarufi ya Waarabu huitwa kwa wingi wa neno hilo hilo. Ni kweli. Lakini neno likishahamia huvaa nguo za mji lilikohamia, na kwetu "kawaida" ni kitu kilichozoeleka. Istilahi humhudumia anayeisoma leo, haimhudumii babu wa neno.

Sisi twapendekeza "ruwaza". Neno hili limekwisha kukaa katika maandishi ya isimu na hisabati, ni fupi, na lakubali kazi zote: tunaandika ruwaza, ruwaza imepata, ruwaza imekosa, ruwaza pana, ruwaza finyu. Atakayetaka kutofautisha na ruwaza za ususi au za sauti na aseme "ruwaza ya utafutaji". Hatuoni haja ya kuunda neno jipya lenye kunyofolewa vipande vya maneno mawili na kuunganishwa, kama lilivyoundwa "tarakilishi", ambalo wengi wetu twalisoma na kisha twasema "kompyuta".

Kosa la jina hata hivyo ni dogo. Mtu aweza kuita kitu kwa jina baya na bado akakitumia vizuri. Kosa lenye madhara ni la istilahi ya pili: "herufi maalumu".

Istilahi hii sasa inabeba mizigo mitatu. Katika mafunzo ya uchapaji, "herufi maalumu" ni zile zisizokuwamo katika kibodi, kama vile ũ, é au alama ya haki ya kunakili. Katika fomu za kujisajili zinazotaka neno la siri, "herufi maalumu" ni alama yoyote isiyo herufi wala tarakimu. Na katika mafunzo ya ruwaza, "herufi maalumu" ni zile alama chache zenye amri: nukta, kinyota, alama ya kuuliza, alama ya jumlisha, mabano, alama ya dola na nyinginezo. Mtumishi aliyejifunza maana ya kwanza siku ya Jumatatu atakutana na ya tatu Jumatano, naye atajiona salama kabisa anapotafuta "k.m.", maana nukta ameizoea tangu darasa la kwanza. Haoni umaalumu wowote ndani yake. Tena si herufi! Nukta haijapata kuwa herufi, wala dola, wala kinyota. Istilahi inayomwambia msomaji atazame herufi, wakati hatari imo katika alama, imempeleka mlango usio wake.

Tutazame basi hiyo nukta. Vitabu vya Kiingereza huonya kwamba nukta isiyolindwa yaweza kukamata zaidi ya iliyokusudiwa, na hutoa mfano mmoja au miwili isiyo na uzito. Wafasiri wetu huutafsiri mfano ule ule. Hapo ndipo walipotukosesha jambo ambalo Mwingereza hakuwa na sababu ya kulifikiri: kwamba katika Kiswahili nukta ni hatari mara nyingi zaidi kuliko katika Kiingereza, na sababu yake imo katika silabi zetu. Kwa kawaida silabi ya Kiswahili huanza na konsonanti na kuishia na irabu. Vifupisho vyetu navyo ni konsonanti, nukta, konsonanti, nukta. Weka irabu mahali pa kila nukta, na kifupisho kimegeuka kuwa neno kamili la Kiswahili.

Chukua "k.m.", kifupisho cha "kwa mfano". Mhariri ataka kukiandika kwa kirefu kila kinapotokea. Anawasha utafutaji wa ruwaza, anaandika "k.m.", anaamuru kibadilishwe kiwe "kwa mfano". Ruwaza hiyo yamaanisha: k, kisha alama yoyote, kisha m, kisha alama yoyote. Itakamata "kama". Itakamata "kumi". Itaingia ndani ya "hakimu" na kumwacha akiwa "hakwa mfano". Mishahara iliyolipwa kwa watu kumi itakuwa imelipwa kwa watu kwa mfano. Neno "kama" ni miongoni mwa maneno yanayotumika sana katika lugha yetu, na hati ndefu haitasalimika katika ukurasa hata mmoja.

"N.k." ni mbaya zaidi, maana huvamia vitenzi. Katika "anakuja" mna n, a, k, u zikifuatana, ruwaza "n.k." ikibadilishwa kuwa "na kadhalika" yatupa "ana kadhalikaja". Hivyo hivyo kwa anakula, wanakaa, tunakubali, na kila kitenzi cha wakati uliopo chenye mzizi unaoanza na k. "K.v." nayo huwageuza dagaa wakavu kuwa dagaa "wakama vile", na kivuko kuwa "kama vileko". Msomaji atacheka, mwandishi wa waraka ambaye hakuusoma tena kabla ya kuutuma hatacheka.

Kifupisho cha fedha chastahili kutajwa peke yake kwa sababu hudanganya. Tuseme karani ataka kila "Sh." iwe "TZS". Ukurasa wa kwanza, wenye jedwali la bei, hutoka safi: kila "Sh. 5,000" imekuwa "TZS 5,000", naye huridhika. Ukurasa wa tatu, penye maelezo, "Shamba" limekuwa "TZSmba", "Shule" imekuwa "TZSle", na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekuwa "TZSria". Kwa upande mwingine, "S.L.P." haileti madhara hata bila kinga, kwani ni nadra kupata S kubwa na L kubwa na P kubwa zikifuatana kwa mpangilio huo. Na huu usalama wa bahati ndio unaomzoeza mtu vibaya.

Dawa ya yote haya ni moja, na ni fupi: kabla ya nukta uweke mkwaju wa nyuma, yaani ule mstari ulioinamia kushoto. "k\.m\." hutafuta nukta yenyewe na si kingine. Swali letu ni hili: tendo hilo la kuweka mkwaju wa nyuma tuliiteje?

Tumesikia "kutorosha alama" na "kukwepa alama". Yote mawili ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Anayetoroka ni nani? Nukta haiendi popote. Imebaki pale pale ilipokuwa. Wengine wamesema "kukinga", nalo ni neno jema zaidi, kwa kuwa ladokeza kwamba mtu anajilinda. Sisi wenyewe tulikuwa tumevutiwa na "kuuzulu", kwa hoja kwamba alama yenye amri huvuliwa madaraka na kuwa raia wa kawaida. Lakini maneno haya yote yana ila moja: yaeleza nusu ya kazi. Mkwaju wa nyuma ukitangulia nukta huiondolea amri, lakini ukitangulia herufi d huipa amri ambayo haikuwa nayo: "\d" husimama badala ya tarakimu yoyote. "\b" ni mpaka wa neno. "\n" ni mwisho wa mstari. Hapa hakuna aliyeuzuliwa wala aliyekingwa. Raia amepewa cheo.

Neno linalofaa tulilipata Zegereni, Kibaha, ambako ardhi imetengwa kwa ajili ya viwanda, na ambako tulikwenda kukusanya msamiati wa mafundi wa mitambo. Shughuli yetu haikuhusu kompyuta hata kidogo. Lakini fundi wa kiwandani hasemi kwamba swichi hufanya kazi mbili. Kwake yeye swichi huwasha na huzima, na mashine ile ile ni hai au imelala kwa kadiri ya swichi. Mashine iliyozimwa haijatoroka wala haijauzuliwa. Tangu hapo tumekuwa tukiwafundisha makarani kwamba mkwaju wa nyuma ni swichi: hutangulia nukta na kuizima, hutangulia d na kuiwasha. Hatujapata kulazimika kueleza mara ya pili. Kwa hiyo twapendekeza "kuzima alama" na "kuwasha alama". Alama zenye amri bila kuwashwa na yeyote na ziitwe "alama amilifu", na zile zinazojisimamia zenyewe tu "alama tuli". Basi nukta ni alama amilifu, na ikizimwa ni tuli. D ni tuli, na ikiwashwa ni amilifu. "Herufi maalumu" tuwaachie wapigachapa, nao wakikubali kuziita "alama za ziada" tutashukuru.

Tukiwa hapo hapo Zegereni, tutoe mfano wa mabano, maana majina ya mahali ndiyo yanayoumia zaidi. Katika orodha zinazochanganya wilaya jirani, desturi ni kuandika jina la wilaya katika mabano: Zegereni (Kibaha), Msanga (Kisarawe), Soga (Kibaha), Maneromango (Kisarawe). Karani akitafuta "Zegereni (Kibaha)" kwa ruwaza, ataambiwa hakuna. Mabano ni alama amilifu, hukusanya, hayajitafuti. Ruwaza hiyo ingepata "Zegereni Kibaha" bila mabano, lakini iliyoandikwa kwa mabano haitaiona, na mtu aweza kutoa taarifa kwamba mahali hapo hapamo katika orodha ilhali jina liko mbele ya macho yake.

Mbaya zaidi ni pale anapotaka kuyaondoa mabano na vilivyomo. Amekwisha kujifunza kuzima, naye anaandika "\(.*\)", yaani mabano ya kufungua, kisha chochote, kisha mabano ya kufunga, na kuamuru vifutwe. Lakini nukta ikifuatwa na kinyota ina ulafi: hula mpaka mwisho wa mstari, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua hadi ipate mabano ya kufunga ya kwanza kutoka mwisho. Kama majina yale manne yako katika mstari mmoja, kitakachobaki ni "Zegereni" peke yake. Msanga, Soga na Maneromango zitakuwa zimefutwa pamoja na mabano yake, na kompyuta itatangaza kwa furaha kwamba imefanya badiliko moja. Ruwaza sahihi ni "\([^)]*\)", yaani kati ya mabano na kuwe na chochote kisichokuwa mabano ya kufunga. Hiyo alama ya kikofia ndani ya mabano ya mraba ni ya kukanusha. Nje ya mabano hayo ni mwanzo wa mstari. Alama moja, vyeo viwili. Mwalimu asiyeisema tofauti hiyo mapema atairudia mara nyingi baadaye.

Alama nyingine tuzipitie upesi. Namba za simu zinazoanza na "+255" zahitaji jumlisha izimwe, la sivyo programu nyingi zitakataa, kwani jumlisha huamuru kurudia kilichotangulia na hapo hakuna kilichotangulia. "$500" haipatikani kamwe, maana dola ni mwisho wa mstari, na baada ya mwisho hakuna mia tano. Tena dola ina ujanja wa pili: katika programu kadhaa, upande wa kubadilisha, "$1" humaanisha kile kilichokamatwa na mabano ya kwanza. Anayeandika bei za dola katika nafasi ya kubadilisha na ajue kwamba sheria za upande huo si zile za upande wa kutafuta.

Sasa ritifaa, ambayo ni kiini cha maneno yetu.

Ritifaa si alama amilifu. Hakuna mwongozo wa ruwaza unaoitaja miongoni mwa alama zenye amri, na kwa sababu hiyo hakuna mfasiri aliyeitaja. Hata hivyo ndiyo inayoharibu maandishi ya Kiswahili kuliko nyingine zote. Katika ng'ombe, ng'ambo, ng'oa na ng'ara, ritifaa si kituo wala si nukuu. Ni sehemu ya konsonanti. Kila mwalimu wa darasa la kwanza aliyeandika ubaoni ng'a, ng'e, ng'i, ng'o, ng'u anajua hivyo. Ukiiondoa, wapata neno jingine: ng'oa ni kutoa kitu kwa mizizi yake, ngoa ni tamaa au wivu. Lakini waliounda programu waliiona ritifaa kwa macho ya Kiingereza, ambako ni kituo, na wakaihesabu nje ya neno. Kwa kompyuta, ng'ombe ni maneno mawili: "ng" na "ombe". Ng'ang'ania ni matatu.

Matokeo yake si ya kufikirika. Mtu akitafuta neno zima "oa" kwa ruwaza "\boa\b", ataletewa kila mahali penye "ng'oa". Akiwa anasahihisha muswada na ataka "oa" iwe "funga ndoa", daktari wa meno atakuwa amemfunga ndoa mgonjwa na jino lake, tena kwa maandishi ya ovyo: "ng'funga ndoa jino". Anayehesabu maneno ili atunge orodha ya msamiati wa shule za msingi atakuta neno "ng" limejitokeza mara nyingi ajabu, na ng'ombe hayumo. Jina la marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o litamtolea ukoo usiojulikana, "Thiong", na herufi o pembeni. Jina lake la kwanza nalo lina shida yake, kwani ũ yaweza kuandikwa kama alama moja au kama u iliyowekewa kiwimbi juu baadaye. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa ruwaza ni vitu viwili, na mkutubi anaweza kumkosa mwandishi huyo nusu ya mara.

Zaidi ya hayo, ritifaa zenyewe ni kadhaa. Iko iliyonyooka, iliyorithiwa kutoka mashine za kupiga chapa na kuingizwa katika orodha ya alama za kompyuta ya mwaka 1963. Namba yake katika Yunikodi ni U+0027. Iko iliyopinda, U+2019, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe bila kumwuliza mwandishi. Na iko ya tatu, U+02BC, ambayo machoni haitofautiani na ya pili lakini katika Yunikodi imehesabiwa kuwa herufi. Ruwaza yenye ritifaa iliyonyooka haitaiona iliyopinda. Tumeona matini moja ambayo nusu ya ng'ombe walikuwa wa namna moja na nusu wa namna nyingine, kwa sababu tu sura zake zilichapwa na watu wawili. Anayetafuta na aweke zote katika mabano ya mraba: "ng['’ʼ]ombe".

Hapa lugha yetu, ambayo kwa nukta ilituponza, inatuokoa. Kosa linalojulikana kuliko yote ni la mhariri anayetaka nukuu za alama moja ziwe za alama mbili, naye akabadilisha kila ritifaa. Hupata ng"ombe na ng"ambo kitabu kizima. Lakini neno la Kiswahili haliishii na ng. Huishia na irabu. Kwa hiyo ritifaa yoyote inayofuata ng mara moja ni ya konsonanti, isipokuwa pale jina la kigeni kama Hong Kong limewekwa mwisho wa nukuu. Ruwaza "(?<![Nn][Gg])'" husema: ritifaa, mradi isitanguliwe na ng. Kwa mstari huo mmoja nukuu hubadilika na ng'ombe husalimika. Vitabu vya Kiingereza haviwezi kutupa kanuni hii. Twaweza kuitoa sisi tu, kutokana na sarufi yetu. Mashairi yabaki pembeni, hasa ya Mvita na Amu, ambamo n'na na m'ke zina ritifaa za udondoshaji; hayo yasomwe kwa macho.

Je, tuseme nini juu ya ritifaa ipi iwe sanifu? Kiganda kina herufi ŋ kwa sauti hii, na kompyuta huihesabu kuwa herufi bila mabishano. Sisi tulishika ritifaa, na haiyumkiniki leo kubadili tahajia ambayo vizazi vimeisomea kwa sababu ya uzembe wa programu. Wapo wanaotaka U+02BC itumike mahali pa zote, kwa kuwa ni herufi na \b haitalikata neno. Kwa hoja ya kisarufi tunakubaliana nao. Kwa hoja ya kazi hatukubaliani nao bado, kwa kuwa haimo katika kibodi ambazo walimu na makarani wanazo, na matini yenye alama ambayo mtu hawezi kuichapa ni matini ambayo hawezi kuitafuta. Twaonelea iliyonyooka itumike katika kuandika na kuhifadhi, na iliyopinda iwekwe na mpigachapa mwishoni, kwa ruwaza moja, baada ya uhariri kwisha. Na kila muswada unaopelekwa kwa mfasiri au mpigachapa uwe na mstari mmoja mwanzoni unaotaja ritifaa iliyotumika, kama vile tunavyotaja toleo na tarehe.

Limebaki jambo moja ambalo tungependa wasomaji, hasa wa Kanda ya Ziwa, watusaidie. Baadhi ya wafundishaji wa ruwaza wamekwisha kuandika kwamba ritifaa ya konsonanti hutambulika kwa kufuatwa na irabu, nao hutumia "[Nn]g'[aeiou]". Kwa ng'ombe inatosha. Lakini iko wilaya ya Nyang'hwale, mkoani Geita, ambako ritifaa hufuatwa na h, na yako majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'w. Ruwaza hiyo huyaacha yote. Tungependa kupata orodha ya majina ya mahali yenye umbo hili kutoka Geita, Mwanza, Shinyanga na Simiyu, pamoja na namna yanavyoandikwa katika mihuri ya ofisi, kabla kanuni hiyo haijaingia katika mwongozo mwingine.